Kona ya Maswali: Dust My Broom ni ya nani hasa?

Maswali ya bluzi yanayoingia kwenye ukurasa huu siku hizi yanarudi sana kwenye wimbo mmoja, Dust My Broom (kwa maneno ni kupangusa fagio, maana yake kuondoka), ule wa mwanaume anayeamka asubuhi akaamua basi, anamwacha mwanamke, anakiacha na chumba, anaondoka. Nimeona niyajibu kwa pamoja maana jibu la mmoja linamsaidia mwingine, na pia kwa sababu wimbo wenyewe naupenda sana sana.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi na rafiki yangu tunabishana hatumalizi. Yeye anasema Dust My Broom ni ya Elmore James, ana picha ya lebo ya santuri yenye jina la Elmore kabisa. Mi nasema ni ya Robert Johnson maana yeye alirekodi mwanzo, 1936. Tuamulie. (Mbishi wa Bluzi)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa tarehe uko mbele yake, Johnson ni Novemba 23, 1936 na Elmore ni Agosti 5, 1951, hilo halina ubishi. Ila ukisema ni ya Johnson kwa maana kwamba aliitunga yeye kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho, hapo unakwama, kwa sababu santuri za kabla yake zipo na mtu yeyote anaweza kuzisikiliza.

Anza na 1932. Mapacha wawili, Aaron na Milton Sparks, huyo Aaron ndo alikuwa anaitwa Pinetop na alikuwa mpiga piano, walirekodi wimbo unaitwa I Believe I'll Make a Change. Usisikilize maneno kwanza, sikiliza sauti inavyopanda na inavyoshuka mwisho wa mstari, utaijua tu. Desemba 1933 akaja Carl Rafferty na Mr. Carl's Blues, kwenye piano akiwa Roosevelt Sykes, na humo sasa ndo unasikia yale maneno ya fagio na ya kuwaachia wengine chumba, kabisa, miaka mitatu kabla ya Johnson. Mwaka 1934 Leroy Carr, ambaye wakati ule alikuwa staa haswa, akaurudia ule wa akina Sparks. Mwaka huohuo Kokomo Arnold akarekodi Sagefield Woman Blues na fagio likajitokeza tena, afu 1935 kwenye wimbo wake mwingine, Sissy Man Blues, akaimba kwamba atapiga simu mpaka China kumtafuta mpenzi wake. Kama unaijua ya Johnson, hapo tayari umeshashtuka, maana na yeye anapiga simu China.

Kwa hiyo Johnson alikuwa na kila kitu mezani. Lakini ona jambo moja ambalo wabishi wengi wanalipita. Akina Sparks ni piano, Rafferty nyuma yake ni piano, Leroy Carr ni piano. Johnson anaingia kwenye chumba cha Hoteli Gunter kule San Antonio, Texas, na gitaa moja peke yake, na kwenye nyuzi nene za chini anaweka ule mdundo unaotembea ambao mpiga piano anaupiga kwa mkono wa kushoto, bila kuuachia hata kidogo, afu kwenye nyuzi nyembamba anadondosha noti tatu tatu za haraka, juu kabisa ya shingo ya gitaa, wimbo unaanza nazo na zinarudi akimaliza mstari. Mikono miwili ya mpiga piano yote kaihamishia kwenye gitaa moja na bado anaimba. Huo ndo mchango wake, na ni mkubwa, wapiga gitaa wa Chicago wa miaka ya 1940 na 1950 wameishi humo. Na watu wengi hawajui kwamba kwenye rekodi hii Johnson hakutumia slaidi, kile kibomba cha kuteleza juu ya nyuzi, zile noti tatu anazibonyeza kwa vidole.

Slaidi ni ya Elmore. Yeye alichukua zile zile noti tatu tatu akazipiga kwa kibomba kilichovalishwa kidoleni, kwenye gitaa inayopita kwenye amplifaya, nyuma kuna besi, ngoma na hamonika, na kitu ambacho kwa Johnson kilikuwa mtu mmoja anawaza kwa sauti asubuhi kikawa kelele ya kujaza ukumbi. Iliingia kwenye chati ya R&B ya Billboard mwaka 1952 ikafika namba 9. Katikati yao pia yupo Arthur Crudup, aliirekodi 1949, na Robert Lockwood Jr., ambaye Johnson ndo alimfundisha gitaa, naye aliirekodi mwaka huohuo wa Elmore, 1951, yaani wimbo haukulala miaka 15 ukimsubiri Elmore.

Na ile picha ya lebo ya rafiki yako, mwambie aigeuze santuri. Ni ya lebo ya Trumpet, namba 146, upande mmoja Dust My Broom, jina limeandikwa Elmo James. Upande wa pili ni Catfish Blues, na jina ni hilohilo Elmo James, lakini anayeimba pale siyo Elmore kabisa, ni mtu anaitwa Bobo Thomas, kwa sababu Elmore hakuacha wimbo wa pili wa kujaza upande wa nyuma. Sasa lebo kama inaweza kukosea hata anayeimba ni nani, unawezaje kuitegemea ikuambie aliyetunga ni nani?

Kwa hiyo mi naamua hivi: sauti na maneno mengi ni ya watu wa 1932 mpaka 1935, gitaa ilivyopangwa ni kazi ya Johnson, na ule mlio ambao hata asiyejua bluzi akiusikia anageuka ni wa Elmore. Mkikubaliana hapo mtaendelea kuwa marafiki.

SWALI: Habari za kazi. Nataka kuandika makala ndefu kuhusu historia ya wimbo huu, kila ninaposoma mtandaoni naona watu wamenakiliana tu. Naanzia wapi? Pia nimekutana na namba SA-2581-1, hiyo ni nini? (Mwandishi Mchanga)

JIBU: Nzuri dada (au kaka, hukusema). Umeshaanza vizuri kwa kuona kwamba watu wananakiliana, maana kwenye bluzi hadithi tamu inasafiri haraka kuliko karatasi.

Hiyo namba ndo rafiki yako mkubwa. Inaitwa namba ya matriksi, ni namba iliyopewa rekodi siku ile ile ya kurekodi, na kwenye santuri nyingi utaikuta kwenye ile sehemu laini kati ya mwisho wa muziki na karatasi ya lebo. SA ni San Antonio. 2581 ni wimbo. Hiyo 1 ya mwisho ni teki, yaani hii ni mara ya ngapi wimbo huo unaimbwa mbele ya mashine. Sasa cheza nayo kidogo: SA-2580 ni Kind Hearted Woman Blues, SA-2581 ni I Believe I'll Dust My Broom, hilo ndo jina lake kamili kwa Johnson, na SA-2582 ni Sweet Home Chicago. Bila kusimuliwa na mtu umeshajua kwamba kijana wa miaka 25 siku yake ya kwanza maishani mbele ya mashine ya kurekodi aliuimba huu wimbo wa pili tu, na uliofuata ukawa Sweet Home Chicago. Mi hiyo mistari mitatu ya namba inanisisimua kuliko hadithi zote za kwamba Johnson aliuza roho yake kwa shetani njia panda.

Usiichanganye na namba ya katalogi. Santuri ya Johnson ilitoka 1937 kwenye lebo ya Vocalion, namba 03475, hiyo ni namba ya dukani, ya mtu kuagizia, haikuambii lini kitu kilirekodiwa. Na upande wa pili wa hiyo santuri kuna Dead Shrimp Blues ambayo ilirekodiwa Novemba 27, siku nne baadaye, kwa hiyo nyimbo mbili kukaa sahani moja haimaanishi zilizaliwa siku moja.

Pa kutafutia: Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara wana hifadhidata kubwa ya rekodi za zamani za Marekani, inaitwa Discography of American Historical Recordings, ni bure, unaandika jina la msanii inakuletea tarehe, mji, matriksi na mara nyingine hadi waliopiga vyombo. Internet Archive wana mradi wa santuri za zamani ambapo unasikiliza na kuona picha ya lebo yenyewe. Na kama unaweza kufika kwenye maktaba kubwa omba kitabu cha Dixon na Godrich, Blues and Gospel Records, toleo la kwanza lilitoka 1964, wameorodhesha rekodi za bluzi na injili za Wamarekani weusi mpaka 1943 kwa uvumilivu wa ajabu, intaneti haijawahi kukifanya kisihitajike.

Ukishapata tarehe, kaa chini usikilize kwa mpangilio wa tarehe, Sparks, Rafferty, Carr, Arnold, Johnson, Crudup, Elmore, siku moja, bila kuruka. Andika kila ubeti unasema nini na gitaa au piano inafanya nini chini yake. Hapo ndo makala yako itatofautiana na za wengine, kwa sababu wengi wanaoandika habari za huu wimbo wamesoma kuhusu Rafferty lakini hawajamsikiliza.

Na usisahau mitaa. Kule Jackson, Mississippi, kuna Mtaa wa Farish. Hapo ndo lilikuwepo duka la muziki la H. C. Speir, mzungu aliyekuwa anawasikiliza wapiga bluzi na kuwaunganisha na kampuni za santuri, na Johnson alipita kwake ndo akaja kufikishwa San Antonio. Mtaa huohuo miaka kadhaa baadaye Lillian McMurry na mumewe wakafungua duka, humo wakazikuta santuri za zamani, Lillian akaupenda muziki, akaanzisha lebo ya Trumpet, ambayo ndo ilitoa Dust My Broom ya Elmore. Mtaa mmoja, rekodi mbili, kati yake miaka 15. Ningekuwa wewe ningeanzia makala hapo.

SWALI: Nimenunua LP ya Robert Johnson, King of the Delta Blues Singers, ile ya Columbia 1961, Dust My Broom haimo! Nimeuziwa feki? (Mkusanyaji)

JIBU: Hapana ndugu, haujatapeliwa. Ile ya 1961 haikuwa na wimbo huo, uliwekwa kwenye Volume II iliyotoka 1970. Kama unataka nyimbo zake zote 29 sehemu moja tafuta The Complete Recordings ya 1990. Hiyo ya 1961 itunze vizuri, ni ile iliyowafikia vijana wa Uingereza waliokuja kuwa mabingwa wa gitaa.

SWALI: Kuna mtu anasema santuri za Johnson zilirekodiwa kwa spidi isiyo sahihi kwa hiyo sauti yake halisi ilikuwa nzito zaidi, sisi tunasikia mtu aliyeharakishwa. Kweli? (Masikio Mawili)

JIBU: Madai hayo yamezunguka sana na watu wameweka mpaka matoleo yaliyopunguzwa spidi, na kweli yanasikika vizuri, sikatai. Lakini mimi siyakubali. Johnson alirekodi San Antonio Novemba 1936 na tena Dallas Juni 1937, miji miwili, miezi saba imepita, ili madai yawe kweli inabidi kosa lilelile lijirudie kwa kiasi kilekile mara zote. Afu kuna watu waliosafiri naye na kuishi naye. Johnny Shines alikuwa hai mpaka 1992, Robert Lockwood Jr. mpaka 2006, walihojiwa kwa miaka mingi kuhusu Johnson, walizisikia santuri hizi, na hawakuja kusema kwamba huyo siyo yeye tunayemjua. Masikio yao nayaamini kuliko kompyuta yangu.

SWALI: Mzee wetu, hamonika kwenye rekodi ya Elmore anapiga Sonny Boy Williamson. Lakini nimesoma Sonny Boy Williamson aliuawa Chicago 1948. Sasa 1951 alipigaje? Pia ni kweli Elmore alirekodiwa kwa siri bila kujua? (Mama Hamonika)

JIBU: Mama, hilo swali la kwanza ni zuri na linawaangusha watu wengi. Walikuwepo wawili. Wa kwanza ni John Lee Williamson, mzaliwa wa Jackson lakini Jackson ya Tennessee, alirekodi sana kwa lebo ya Bluebird kuanzia 1937 na huyo ndo aliyeuawa Chicago 1948. Wa pili ni Aleck Miller, wengi wakimwita Rice Miller, mtu wa Mississippi, alianza kulitumia jina hilo redioni wakati mwenzake bado yuko hai, na aliendelea nalo mpaka kifo chake 1965. Kwenye rekodi ya Elmore ni huyu wa pili. Ndo maana nasema kila siku, jina ukiliona liwekee tarehe pembeni, jina peke yake halitoshi.

Hiyo ya kurekodiwa kwa siri imesimuliwa mno, kwamba Elmore alikuwa anafanya mazoezi tu, mashine ikawashwa, yeye kuja kujua akakasirika na kukataa kurekodi upande wa pili. McMurry mwenye lebo aliikana. Na mi ukinipa nafasi nasema sikiliza rekodi yenyewe: gitaa inaanza, besi na ngoma wako mahali pao, hamonika inajua lini iingie na lini inyamaze, wote wanamaliza pamoja. Hiyo ni bendi inayojua inarekodiwa. Kwamba upande wa pili haupo ni kweli, hilo tumeshaliona kwa Bobo Thomas, ila kukosekana kwa wimbo wa pili hakuthibitishi siri.

SWALI: Hivi nasikia vizuri au ni masikio yangu, Johnson anaitaja Ethiopia? (Msikilizaji wa Usiku)

JIBU: Unasikia vizuri kabisa. Ubeti wa mwisho anasema atapiga simu China aone kama mpenzi wake yuko huko, asipompata visiwa vya Ufilipino basi atakuwa Ethiopia.

China ilishakuwepo kwa Kokomo Arnold, tumesema, 1935. Ethiopia haikuwepo, Johnson ndo kaileta. Sasa angalia tarehe: Italia iliivamia Ethiopia Oktoba 1935, Addis Ababa ikaanguka Mei 1936, na Johnson anarekodi Novemba 1936. Miezi hiyo magazeti ya Wamarekani weusi yalikuwa yamejaa Ethiopia, Pittsburgh Courier lilimtuma mwandishi wake Joel Augustus Rogers mpaka vitani kule, watu walichangisha pesa, makanisani waliombea. Kwa mtu mweusi wa Mississippi ya mwaka ule, ambako hata kupiga kura hakuruhusiwi, Ethiopia haikuwa jina la kwenye ramani tu, ilikuwa nchi ya watu weusi iliyokuwa inapigana. Johnson hakuacha mahojiano hata moja kwa hiyo tunabaki na wimbo na tarehe, lakini tarehe zinaongea. Na angalia Elmore 1951: huo ubeti wa China na Ethiopia kauacha, nadhani uzito ule wa habari mbichi ulikuwa umeshapita.

Huu ndo ubeti ninaoupenda kuliko wote, na ndo sababu siwezi kumsikiliza anayesema Johnson alikopa tu. Alikopa, ndiyo, kama wote walivyokopa, afu akaongeza neno moja lililokuwa kwenye magazeti ya mwaka wake.

SWALI: Natengeneza filamu fupi, naweza kutumia Dust My Broom bila kulipa kwa sababu ni ya zamani? (Mtengeneza Filamu)

JIBU: Hapana, bado. Kwa sheria ya Marekani rekodi yenyewe na utunzi wa wimbo ni haki mbili tofauti, unatakiwa uulizie zote mbili. Kwa upande wa rekodi, zilizotolewa kati ya 1923 na 1946 zinalindwa miaka 100, kwa hiyo santuri ya Johnson ya 1937 inakuwa huru Januari 1, 2038. Zilizotolewa 1947 mpaka 1956 zinalindwa miaka 110, kwa hiyo ya Elmore ya 1951 mpaka mwanzo wa 2062. Utunzi nao una wenyewe na una hesabu yake, na nje ya Marekani kila nchi ina sheria yake, kwa hiyo kabla hujaanza kuhariri filamu mtafute mwanasheria wa hakimiliki na umpelekee jina la msanii, namba ya santuri na tarehe ya rekodi unayoitaka, siyo jina la wimbo tu, maana kama ulivyoona hapo juu Dust My Broom ziko nyingi.